Mtoto Hangoji King'ora

Mtoto hangoji king'ora. Methali hii ilianza hivi, na kabla sijaanza, acheni kucheka. Mmeisikia asubuhi kwa mama muuza maandazi, akimwambia mwenzenu Sekibaha aliyesaini mkataba wa ulinzi, kuingia alfajiri kutoka jioni, na nyumbani ana binti wa mwaka mmoja na ushei. Mkadhani ni maneno ya mababu. Si ya mababu hata kidogo. Yana miaka arobaini na mmoja, na aliyesababisha yasemwe ni mimi niliyekaa mbele yenu.

Ndiyo, mimi. Mnanitazama nini?

Nilikuwa karani wa saa katika shamba moja la mkonge, upande wa Tanga. Karani mwanamke nilikuwa peke yangu, basi nilivyotembea ungedhani shamba ni la baba yangu. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi, na kubonyeza king'ora: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Kambi nzima iliishi kwa king'ora kile. Watu walibandika maji ya ugali kwa king'ora, waliogesha watoto kwa king'ora, na mtu akichelewa popote, hata msibani, husema karani hajabonyeza. Nilikuwa nikisikia hivyo nafurahi, mjinga mimi.

Wakata mkonge walilipwa kwa kazi. Aliyemaliza sehemu yake saa nane, huyo anajiendea kwake. Mimi nilikuwa mtu wa mshahara, na mkataba wangu ulisema nifanye kazi kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku isipokuwa Jumapili. Tena karani huingia kabla ya watu na hutoka baada yao, na kutoka kiwandani hadi kambini ni mwendo wa dakika arobaini. Mwanangu Mhina nilimwacha amelala, nikamkuta amelala. Baba yake alikuwa fundi wa reli, tulimwona mara moja kwa miezi miwili. Mkataba ule hakuna aliyenishika mkono. Niliusaini mwenyewe, kwa kalamu yangu, kwa sababu nilitaka kuitwa karani.

Mtoto alilelewa na jirani, Bi Sikudhani. Alikuwa na umri wa mama yangu, mpole, mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri kwa sababu ya ajali ya shambani. Alimbeba Mhina mgongoni kwa kanga tangu akiwa na miezi mitatu.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Kambi ilikuwa na watu wa kila kabila, lakini jambo hili walikubaliana wote: mtoto akipiga hatua ya kwanza, mama yake ndiye anayepiga vigelegele vya kwanza. Wengine huitikia. Anayetangulia amemwibia mama, na hasemeshwi mpaka aombe radhi. Mimi nilivitaka vigelegele vile, jamani. Nilivitaka kuliko kitu chochote. Mhina alipoanza kujishikilia kwenye kuta, nikamwendea Bi Sikudhani nikamwambia mtoto abaki mgongoni mchana kutwa, king'ora cha jioni kikilia ndipo amshushe, maana hapo mimi niko njiani. Sikumwomba. Nilimwagiza, kama nilivyokuwa namwagiza tarishi wa ofisini. Akanijibu, "Sawa, karani."

Lakini king'ora kikilia mimi huwa ndiyo kwanza nafunga daftari. Nikifika kambini mtoto keshalala zamani. Nikawa naisubiri Jumapili. Mara mtambo wa kuchakata mkonge, tuliouita korona, ukaharibika siku nne, na ulipotengenezwa meneja akafuta Jumapili zote ili kazi iliyolala ifidiwe. Jumapili tatu zikapita hivyo.

Mtoto akatimiza miezi kumi na tano. Kiwandani wenzangu wakaniuliza, karani, mwanao anatembea? Nikasema bado. Mmoja akaniambia wa kwake alitembea na miezi kumi na moja. Neno lile nikarudi nalo nyumbani. Nikaanza kuwaza kwamba Bi Sikudhani anamfunga mwanangu mgongoni ili yeye afanye kazi zake kwa raha, na kwamba miguu ya mtoto inakufa. Mnaniona? Aliyeagiza mtoto abebwe ni mimi, na aliyemchukia mbebaji ni mimi. Mtu akiwa na hatia humtafuta wa kumtwika.

Siku moja korona ikakwama saa nne asubuhi. Fundi akasema matengenezo yatachukua si chini ya saa tatu. Nikaomba ruhusa, na njia nzima sikuwaza kwenda kumbeba mwanangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Chitanda, mkuu wa kambi, kumshtaki Bi Sikudhani.

Mzee akamwita. Wanawake waliokuwa wakifua karibu na bomba nao wakasogea, na wengine wakaja kutoka majumbani. Bi Sikudhani akaja na Mhina mgongoni, maana alikuwa ameambiwa karani yupo. Nikasema mbele ya wote kwamba mwanamke huyu amemlemaza mwanangu. Nilisema neno hilo hilo, amemlemaza, huku nauona mkono wake. Wanawake wakatazama chini. Mimi nikadhani wananionea huruma.

Mzee Chitanda akamuuliza ana la kusema.  Bi Sikudhani alifungua fundo la kanga kwa mkono wake mzima, akainama, akamweka mtoto chini.

Mhina akasimama. Kisha akatembea. Hakutembea kama mtoto anayejaribu, alitembea kama mtu mwenye shughuli zake. Nikapiga magoti nikatandaza mikono. Akaja upande wangu, akanitazama usoni, akanizunguka kama mnavyozunguka dimbwi la maji, akaenda kugusa ndoo ya mama mmoja, halafu akarudi mbio akashika magoti ya Bi Sikudhani. Hakuna aliyeshangaa. Watu wazima hamsini walikuwa pale na hakuna hata mmoja aliyeshangaa ila mimi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Leo siku ya kumi na nane," akasema Bi Sikudhani. "Nilimfunga mgongoni kama ulivyoniagiza. Siku tatu. Alilia mpaka sauti ikamkauka, anataka chini. Ikanishinda. Mtoto hangoji king'ora, mwanangu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ningekuwa nimekuibia. Nikawaomba hawa wenzangu wasipige vigelegele, wasiseme. Nikasema siku utakayopata nafasi utamwona, utadhani ndiyo ya kwanza, utafurahi."

Watoto wangu, nimezika mume, nimeugua, nimefukuzwa kazi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kambi nzima, watu hamsini, walikuwa wamekaa kimya siku kumi na nane ili mimi nisiumie, na mimi nimekuja kumshtaki aliyewanyamazisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa bado nimepiga magoti, mikono bado nimeitandaza, sijui niirudishe vipi. Mama mmoja akaninong'oneza, "Piga basi, mama Mhina. Piga, tukuitikie. Bado ni yako."

Nikafungua mdomo.

King'ora kikalia. Fundi alikuwa amemaliza mapema, wamekibonyeza kuniita kazini. Na mimi, nawaambia ukweli kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumdanganya, niliinuka. Nikapangusa vumbi magotini. Sikupiga vigelegele, sikumwomba radhi Bi Sikudhani, sikumgusa mtoto. Niliiona njia ya kiwandani nikaishika, mbio mbio, kana kwamba kule ndiko nilikoibiwa. Nyuma yangu sikusikia mtu akinisema. Nilisikia Mhina akicheka, maana Bi Sikudhani alikuwa ameanza kumkimbiza.

Radhi niliomba, ndiyo, mwezi ule ule, na akanipa kabla sijamaliza kusema. Mkataba niliumaliza wote, miaka miwili, sikuwa na ujasiri wa kuuvunja. Lakini hatua zile za kwanza sijaziona mpaka leo. Mhina mtu mzima sasa, ananiheshimu, hunipigia kila Ijumaa. Bi Sikudhani alipokufa, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na watu walipouliza marehemu ni nani kwake, alisema ni mama yake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na nilishukuru.

Basi Sekibaha, mkataba umeshausaini, mtoto ana haja ya kula, sikukatazi kazi. Ila usimwambie mkeo wala mtu yeyote amzuie mtoto akungojee. Mtoto hangoji king'ora.