Bi Pimbi na Pedali ya Kushoto

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko, madumu na baiskeli, Bi Pimbi alikaa juu ya miamba na wanawe. Kisima kilikuwa bondeni, mbali. Maji aliyaleta kwa baiskeli, dumu huku, dumu huku.

Siku moja akagonga jiwe, kwanga! Pedali ya kushoto ikapinda, haizunguki tena. Pedali mpya alikuwa nayo ndani. Kazi ilikuwa kuitoa ile mbovu, maana kutu ilikuwa imeing'ang'ania kama kupe sikioni mwa ng'ombe. Akaitia mafuta ya taa, akaning'inia kwenye spana mzima mzima. Nyii, nyii. Wapi! Na mtungini yalibaki maji ya kunawa uso tu.

Akaenda kwa jirani yake, Bwana Nyati. Nyati akaja, akaitazama pedali kidogo, akaitazama baiskeli sana. Akasema ataifungua, ila akifungua, baiskeli iwe yake.

"Na usipoweza, jirani?"

"Mimi nisiweze? Nikishindwa naondoka mikono mitupu, na maneno yameisha."

Bi Pimbi akamwita Mama Kanga wa nyumba ya pili aje asikie hayo. Kisha akampa Nyati spana, akasogea kando. Kumbe marehemu mumewe alikuwa fundi baiskeli, naye alijua jambo ambalo Nyati hakulijua: nati nyingi hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto, lakini pedali ya kushoto ina ukaidi wake. Hiyo hufunguka kwa kuzungushwa kulia.

Nyati akazungusha kushoto, kama anavyofanya kila mtu. Ngrrr. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kwato. Kadiri alivyovuta, pedali ilizidi kukaza. Mwisho akakaa chini akihema, akakiri mbele ya Mama Kanga kwamba ameshindwa.

Bi Pimbi akashika kichwa. Akalia kwamba basi ataendesha na hiyo hiyo mbovu, ila kwa kutikiswa vile imelegea, itamdondokea njiani, na akamwomba Mama Kanga amwite Tembo aje aikaze.

"Tembo wa nini?" Nyati akainuka. "Kukaza hata mtoto anakaza."

"Umechoka, baba. Pumzika. Mikono yenyewe inatetemeka."

Hapo Nyati akavimba. Akainyakua spana, akazungusha kulia kwa nguvu zake zote. "Tazama, Mama Kanga, nakaza! Nakaza mpaka asiifungue mtu duniani!"

Kwaaa! Pedali ikaachia, Nyati akaenda chali, miguu juu.

Alipojikung'uta vumbi, Bi Pimbi alishaichomoa ile mbovu na alikuwa anamalizia kuifunga mpya. Nyati akasema pedali imefunguka, basi apewe baiskeli yake.

"Umefungua saa ngapi?" akauliza Mama Kanga. "Masikio yangu yamesikia unakaza. Na ulipokuwa unafungua, si ulishindwa, maneno yakaisha?"

Nyati akaitazama spana, akaitazama mikono yake, akaondoka nayo mitupu. Bi Pimbi naye huyo, anateremka bondeni, madumu yanagongana kong, kong, watoto wanamkimbilia nyuma na vikombe.

Ndiyo hivyo, watoto: mwenye nguvu asiyejua upande hukaza anachotaka kufungua, na hufungua anachotaka kukaza.