Ufunguo wa Chumba cha Ushauri

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, walikuwepo wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha: Kokugonza, Sikudhani na Tunsume. Chuo kiliwapeleka kufanya mazoezi katika shule moja ya bweni ya wasichana. Shule ilikuwa na chumba kimoja cha ushauri na nafasi moja ya kazi. Mkuu wa shule, Madam Kayange, akawaambia, "Mazoezi yakiisha, ufunguo wa chumba hiki namwachia mmoja wenu."

Shuleni hapo alikuwepo Subilaga wa kidato cha tatu. Kila mtihani aliingia, akaandika jina lake, akarudisha karatasi tupu. Walimu wakasema, "Kiburi hicho. Afukuzwe."

Kokugonza akaenda kuketi nyuma ya darasa. Akamwona Subilaga akimwelekeza mwenzake hesabu iliyowashinda wengi. Akaenda ofisini. "Madam, huyu anajua. Kuna kitu kinamkuta kwenye chumba cha mtihani." Walimu wakacheka, "Mtaalamu kaja!" Akarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka Madam akakubali Subilaga apewe mtihani mmoja wa mwisho.

Sikudhani akaketi na Subilaga katika chumba cha ushauri. Mwanzoni alifanya kama alivyofundishwa.

"Naona una huzuni."

Subilaga akageukia dirisha.

"Naona hupendi kuzungumza."

"Dada, wewe nawe unaona kila kitu!"

Wakacheka wote wawili. Tangu hapo Sikudhani hakusema tena anachoona. Alikuja, akaketi, akanyamaza naye, wiki baada ya wiki. Siku moja Subilaga akasema mwenyewe:

"Mama yangu alizikwa nikiwa kwenye mtihani wa jiografia. Nyumbani walisema nisiambiwe, nisije nikafeli. Madam alijua. Matroni alijua. Mimi nilikuwa nachora mito."

Sikudhani akayaeleza hayo katika kikao chao wote watatu cha kujadili kazi. Sheria ya kikao ni kwamba linalosemwa pale halitoki.

Likatoka. Tunsume aliijua sheria, na alijua chuo kingeweza kumfukuza. Hata hivyo alikwenda kwa Madam bila kumuuliza Subilaga.

"Madam, mtoto hajamzika mama yake. Na wewe ulijua. Kamwombe radhi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Madam. Ndiyo maana natetemeka."

Jumamosi Madam akampeleka Subilaga kwenye kaburi la mama yake. Akapiga magoti kando yake. "Nisamehe, mwanangu." Subilaga akalia mpaka akamaliza. Mtihani ulipofika, aliandika hadi akaomba karatasi ya ziada.

Mazoezi yakaisha. Ufunguo ukawekwa mezani.

"Bila mimi Subilaga angekuwa kwao, kafukuzwa," akasema Kokugonza.

"Bila mimi mngejua nini?" akasema Sikudhani.

"Bila mimi mngejua, mkanyamaza," akasema Tunsume.

Sikudhani akamgeukia. "Ulitoa siri isiyo yako! Kesho nani atathubutu kuketi chumbani humu?"

Madam akamwita Subilaga. Naye akasema, "Nilimkasirikia sana Dada Tunsume. Lakini angeniomba ruhusa, ningekataa. Na mpaka leo nisingekuwa nimemzika mama."

Madam akauchukua ufunguo. Mpaka sasa ameushika.

Haya, ninyi mnaosikiliza, na mabinti zenu wako bwenini: ufunguo huo apewe nani?