Jagi la Alois

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, ni zamani ile mtu akipigwa picha alisubiri wiki mbili kujua kama alifumba macho, watu watatu wa Moshi walisafiri mpaka Ujerumani. Washikeni vizuri watu hawa. Mwishoni nitawauliza, na sitaki kusikia eti mlisinzia.

Wa kwanza ni Ndesario, mpika mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachagga, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyahifadhi. Wa pili ni Eliaichi, dada wa mke wake, aliyepika miaka ishirini katika hospitali ya misheni na kuokota Kijerumani chake huko huko jikoni, kwa wauguzi. Wa tatu ni Mbaraka, jirani yao, fundi wa kufuli, Mwislamu safi ambaye pombe haijawahi kugusa ulimi wake. Aliyewaalika ni muuguzi mmoja mstaafu. Alimwambia Eliaichi aje na watu wawili, naye akaja na hao.

"Mimi nimenywesha watu maisha yangu yote," Ndesario alisema. "Sasa na mimi ninyweshwe. Nataka kuwaona Wajerumani wakinywa."

"Na mimi nataka kuwaona wakifunga milango," Mbaraka akasema.

Basi Jumamosi moja, saa kumi na moja ya jioni, jua bado kali, wakaingia katika bustani ya bia ya mji ule. Miti mikubwa, meza ndefu za mbao, tarumbeta zinalia, wanawake wanabeba majagi ya lita nzima, kumi kwa mkupuo, bila kumwaga hata povu. Na desturi ya pale ni hii: kinywaji lazima ununue kwao, lakini chakula ruksa kuja nacho kutoka nyumbani. Eliaichi alipoambiwa hivyo, alianza kukanda unga tangu asubuhi. Kikapu chake kilijaa chapati mpaka kitambaa kikagoma kufunika.

Bustani ilikuwa imejaa pomoni. Meza moja tu ilikuwa na nafasi, ya duara, chini ya mti mkubwa kuliko yote. Wazee watano walikuwa wameizunguka, na kiti cha sita, chenye mikono na mto mwekundu, kilikuwa kitupu. Katikati ya meza palikuwa na kibao cha shaba chenye maandishi. Ndesario hakusoma kibao. Angekisomaje? Yeye alijua jambo moja: kwao Uchagga, mgeni akifika penye mbege hasimamishwi, anatafutiwa kiti karibu na wazee.

"Shemeji, waone walivyo na adabu!" akasema. "Wameniwekea!"

Akaketi. Puu!

Tarumbeta zikanyamaza. Majagi yakasimama katikati ya meza na midomo. Kumbe meza ile ni ya wenyewe, wazee wa kila siku, mgeni haigusi. Na kiti kile kilikuwa cha Alois, aliyefariki miaka saba iliyopita. Tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia.

Dirisha la nyumba ya ng'ambo likafunguliwa, kwaa! Mama mmoja mwenye mvi akatoa kichwa, akaona, akapiga kelele, akashuka na aproni yake na ndara zake, akaja mbio mpaka mezani. Alikuwa Walburga, mjane wa Alois. Miaka saba hakuwa amekanyaga bustani ile, ingawa aliiona kila siku kutoka dirishani.

"Ondoka!" akamfokea Ndesario. "Hata mimi mkewe sijakikalia kiti hicho!"

Ndesario hakuelewa neno, ila alielewa yote. Akainuka kama aliyekalia kaa la moto. Walburga akageuka arudi kwake. Hapo ndipo Eliaichi alipomshika mkono.

"Dada yangu," akamwambia kwa Kijerumani chake cha jikoni, "shemeji yangu amekosa, mfokee, ni haki yako. Lakini mfokee ukiwa umekaa. Na ukiwa na chapati mkononi."

Walburga akatazama chapati. Akakaa, pembeni kabisa ya benchi la meza ya jirani, kama mtu anayeondoka sasa hivi. Akala moja akiwa amenuna. Akala ya pili akiwa amenyamaza. Ya tatu ikamfungua mdomo, akaanza kusema huku machozi yanamtoka.

"Mnaliona kabati lile la chuma ukutani? Vijumba vidogo vidogo, kila kimoja na kufuli yake. Wateja wa kudumu huweka humo majagi yao. Jagi la Alois limo. Nililionea wivu, lilimwona mume wangu kuliko mimi. Siku aliyokufa tulikuwa tumegombana juu yake. Baada ya mazishi nikautupa ufunguo mtoni."

Akapangusa macho kwa aproni.

"Na sheria ya nyumba hii ni kwamba kijumba kisichofunguliwa miaka saba wanapewa wengine. Miaka saba inaisha leo, kengele ya kanisa ikilia saa kumi na mbili. Kufuli ikivunjwa, kijumba kimepotea vile vile. Leo nimekaa dirishani tangu asubuhi kumuaga Alois mara ya pili."

Eliaichi akatafsiri. Ndesario akavua kofia. Mbaraka alikuwa ameshasimama anaelekea kwenye kabati.

Ilibaki robo saa. Kufuli ilikuwa ya zamani, imeota kutu. Mbaraka akaiweka sikioni, akaitikisa taratibu.

"Pini ya nywele," akasema. Walburga akachomoa yake.

"Mafuta." Eliaichi akamkamulia tone kutoka kwenye chapati.

"Kimya." Bustani nzima ikanyamaza, hata Ndesario.

Akachokonoa. Akangoja. Akachokonoa tena. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Kufuli ikasema tik, ikaachia, nzima kama ilivyotengenezwa.

Ndani palikuwa na jagi kubwa la udongo, lenye mfuniko wa bati ulioandikwa *Alois*. Walburga akalitoa, akalikumbatia. Kisha akaona kuna kitu nyuma yake. Akatia mkono. Lilikuwa jagi dogo, jipya, halijawahi kulowa, na juu ya mfuniko wake limeandikwa *Walburga*.

Mzee mmoja wa ile meza akakohoa. "Alilinunua mwaka mzima kabla hajafa. Kila jioni alisema, leo atakuja."

Jamani, mama yule alilia. Akalia, kisha akacheka, kisha akavifanya vyote pamoja. Mhudumu mmoja akalijaza jagi lile dogo mpaka povu likapanda, Walburga akalinyanyua, na kengele ya kanisa ilipopiga pigo la kwanza, lilikuwa tayari mdomoni mwake. Kijumba kimepona! Tarumbeta zikalia, wazee wakagonga meza, na Ndesario akamkumbatia mtu asiyemjua.

Povu likiwa bado puani, Walburga akakaa kwenye kiti chenye mto mwekundu, akaliweka jagi kubwa mezani.

"Mimi sasa nina langu," akasema. "Hili nalitoa. Atakayelipata, jina lake litachongwa chini ya jina la Alois, na mezani hapa ana kiti siku zote za maisha yake. Ila mfuniko una nafasi ya jina moja tu. Nani kati yenu?"

Ehee! Hapo ndipo urafiki wa Moshi ulipotiwa majaribuni.

"Ni langu," Ndesario akasema. "Nisingekaa pale, huyu mama angekuwa bado dirishani."

"Wewe ulikosea tu," Mbaraka akamjibu. "Tangu lini mtu akazawadiwa kwa kukosea? Jagi ni la aliyefungua. Bila mimi kengele ingelia, na kijumba kingekwenda kwa wengine."

"Ungefungua nini, jirani?" Eliaichi akadakia. "Ungejuaje kuwa kuna kufuli? Siri alinipa mimi. Na mafuta yalikuwa ya nani?"

"Halafu Mbaraka hata pombe hanywi!" Ndesario akapaza sauti. "Jagi la marehemu atalitilia nini?"

"Maji ya matufaha," Mbaraka akasema bila kupepesa. "Udongo haubagui."

Eliaichi akamtafsiria Walburga kila neno, hata lake mwenyewe, na nadhani hapo alijiongezea kidogo. Walburga akawatazama mmoja mmoja.

"Mmoja amenitoa ndani," akasema. "Mmoja amenikalisha. Mmoja amenirudishia mume wangu."

Kisha akamwita mchonga majina, akamnong'oneza jina moja sikioni.

Jina hilo lilichongwa, na mimi nalijua. Lakini silitamki mpaka nisikie lenu. Kwa hiyo semeni, na aliye nyuma aseme kwa sauti: aliyekosea, aliyelisha, na aliyefungua, je, nani alistahili jagi la Alois?