Amplifaya ya Mkono Mmoja

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa sababu nguzo za umeme zilikwisha kufika na umeme ulikwisha kuzoea kukatika, palikuwa na bendi ya watu watatu katika milima ya Usambara. Mzee Shemdoe alipiga gitaa. Mbelwa alipiga ngoma. Zaina aliimba, au ndivyo watu walivyoamini, maana walimwona akifungua mdomo na kuufunga.

Hakuna aliyemsikia kwa sababu ya amplifaya ya gitaa. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na watu waliiita Mheshimiwa. Jina lilimfaa. Hakwenda popote bila kubebwa na watu wanne. Alipofika, mbuzi walikata kamba. Aliponena, hakuna mwingine aliyenena. Alipomaliza, kila mtu alipiga makofi, ingawa hakuna aliyeelewa alichosema.

Shemdoe alimnunua kwa kuuza shamba lake la kabichi bondeni, lenye maji mwaka mzima. Mkewe aliuliza watakula nini.

"Tutakula jina," alijibu Shemdoe.

Mwaka wa kwanza wakala jina. Mwaka wa pili mke akarudi kwao, ambako walikuwa wakila kabichi.

Siku bendi ilipoundwa, waliandika katiba kwenye daftari la shule. Kifungu cha mwisho walikiandika huku wakicheka: "Bendi ikivunjika, amplifaya ni ya yeyote atakayeweza kuibeba peke yake." Busara iliyoje. Hakuna wa kuibeba peke yake, basi hakuna wa kuvunja bendi. Wakatia sahihi wote watatu, Mbelwa kwa dole gumba lenye masizi, kwa kuwa kalamu iliisha wino.

Kwa miaka kumi na miwili arusi zilikuwa mlimani na bendi ilikuwa bondeni. Wanabendi walishika pembe tatu za Mheshimiwa. Pembe ya nne ilikuwa ya mtu wa upande wa bwana arusi. Ndivyo desturi ilivyokuja kuwa. Familia ya bibi arusi ilisimama juu ikimtazama anavyopanda, na kwa jasho lake wakaamua kama binti yao amepata watu. Mheshimiwa akabebwa. Vigelegele vikapigwa. Mheshimiwa akatuliwa. Mbelwa akanyoosha mgongo.

Siku moja, kwenye mteremko wa Kwehongo, Mheshimiwa akabebwa, vigelegele vikapigwa, Mheshimiwa akatuliwa, na Mbelwa hakuweza kunyoosha mgongo. Waliteremshwa wote wawili: Mheshimiwa kwanza, kwa kuwa ni mali, kisha Mbelwa. Daktari wa zahanati akasema asibebe tena kitu kizito kuliko ndoo ya maji. Kisha akamtazama Shemdoe, aliyekuwa amemsindikiza mgonjwa na kuitikia "ndiyo" kwa kila swali.

"Mzee, sikio la kushoto limekwisha. La kulia liko njiani."

"Ndiyo," akasema Shemdoe.

Zaina ndiye aliyesema kwanza. "Tumbadilishe. Tutafute ndogo, ya kubebeka."

Ndogo ilikuwa sokoni, kwa Dokta Chambo, muuza dawa za mitishamba. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni shule gani iliyompa udokta, kwa heshima. Amplifaya yake ilikuwa na betri, tundu la gitaa na mpini mmoja. Haikumridhisha. Ilisikika kwa wateja wa mbele tu, na wateja wa mbele walikuwa wamekwisha kununua na kujuta. Alimtaka Mheshimiwa. Ila Mheshimiwa peke yake, alisema, ni mkweche.

"Dada Zaina, ongezea sauti yako. Magulio matatu tu. Unaniimbia minyoo."

"Minyoo?"

"Safura, na tegu. Beti tatu. Tegu ndiyo kiitikio."

Zaina alikuwa mchumba wa mtu. Barua ya posa ilikuwa kabatini kwa mama yake. Alimtazama Mbelwa aliyekuwa amesimama kama alama ya kuuliza, akamtazama Mzee aliyekuwa haulizi kitu, akaimba.

Kwa mara ya kwanza watu walisikia sauti yake. Ilikuwa nzuri kweli. Kila neno lilisikika, hasa kiitikio. Gulio la tatu, wakwe zake watarajiwa walipita kununua vitunguu. Walisimama mpaka wimbo ukaisha, kwa adabu. Kesho yake mshenga alikuja kuiomba ile barua irudi.

Dokta Chambo akamchukua Mheshimiwa kwa mkokoteni. Bendi ikaichukua ile ndogo, na watu wakaiita Karani, kwa sababu alisema kwa sauti ya chini, alifanya kazi yote, na hakuna aliyesimama alipoingia.

Arusi ya kwanza ya Karani ilifunza mengi. Mtu wa upande wa bwana arusi alikuja na mabega tayari, akakuta hakuna pembe ya nne. Akapewa vijiti vya ngoma avibebe asiaibike. Wageni waligundua kwamba bendi ilikuwa na nyimbo tatu, na kwamba wa tatu ulikuwa ule wa kwanza ukipigwa haraka. Wajomba wa pande mbili, walioelewana vizuri katika arusi zote za nyuma, safari hii walisikiana, na kabla ya keki walikuwa hawasemeshani.

Miongoni mwa wageni alikuwepo meneja wa hoteli ya pale mlimani. Akaja na sahani yake.

"Nataka muziki wa kiasi hiki hiki, kila Jumapili mchana, wageni wangu wakila. Ila kibaraza changu kinatosha mtu mmoja na hicho kimashine. Mtu ni yupi, mtajua wenyewe." Akaenda kuongeza pilau.

Bendi iliyovumilia milima miaka kumi na miwili ilivunjika kabla sahani hazijaoshwa.

Shemdoe alisema: "Karani katoka kwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa katoka kwenye shamba langu. Nilitoa shamba, nikatoa mke, nikatoa sikio. Limebaki moja. Hotelini kuko kimya. Nipeni nijisikie ninavyopiga kabla nalo halijaniaga."

Zaina alisema: "Mzee wangu, shikamoo, lakini huyo Mheshimiwa wako alikataliwa nikiwa nimesimama pale pale. Waliomleta Karani ni minyoo. Leo nikipita sokoni naitwa Mama Tegu. Nani ataniposa? Mmenifunika miaka kumi na miwili. Nimesikika wiki mbili, na tayari mnataka ninyamaze?"

Mbelwa alisema: "Shamba liliuzwa siku moja. Minyoo iliimbwa siku tatu. Mimi nimebeba miaka kumi na miwili."

"Tumebeba sote, kaka Mbelwa."

"Ninyi mlishika pembe, dada. Nani alikuwa upande wa chini wa mlima? Kila safari?"

Hilo lilikuwa kweli. Mlimani, uzito wote humshukia wa chini.

"Siwezi jembe," Mbelwa akaendelea. "Siwezi gunia. Kazi iliyobaki duniani ninayoweza kuibeba ni hii."

"Na huko utapiga nini? Mgongo?" Zaina akauliza.

"Gitaa. Nimemtazama Mzee miaka yote hiyo. Nyimbo zenyewe tatu."

Shemdoe hakusikia, au alisikia akaona afadhali asisikie.

Wakaenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akaomba katiba. Akasoma kifungu cha mwisho mara mbili.

"Haya. Nani anaweza kuibeba peke yake?"

Shemdoe akambeba Karani, akamtua. Zaina akambeba kwa mkono mmoja, wa pili akifunga kanga. Mbelwa akambeba polepole, bila kuguna, jasho likimtoka. Mtendaji naye akambeba, kwa uhakika wa kiserikali.

"Kwa katiba hii," akasema, "hata mimi nina haki." Akafunga ofisi.

Jumapili asubuhi wote watatu walikutana kwenye mlango wa stoo alimowekwa Karani, hakuna aliyemwambia mwenzake. Shemdoe alikuwa na gitaa. Zaina alikuwa na gauni aliloshona kwa ajili ya siku ya kuvishwa pete. Mbelwa hakuwa na kitu mkononi. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni, wa pili aliuacha wazi.

Karani alikuwa mezani, betri imejaa. Kutoka gulioni, ng'ambo ya bonde, Mheshimiwa alikuwa akihutubia kuhusu minyoo, na kama kawaida hakuna aliyeelewa hata neno.

Sasa ninyi mnaosikiliza, tena kwa masikio yote mawili: mmoja alitoa shamba, mmoja alitoa mgongo, mmoja alitoa jina. Hoteli inapakua saa saba. Mpini ni mmoja, na upana wake ni vidole vinne. Je, ni mkono wa nani uliostahili kuushika?