Pimbi, Tembo na Spika Kubwa Kama Vihenge

Nagonga.
— Gonga tusikie.
Ngo, ngo, ngo.
— Nani huyo mlangoni?
Ngano, na imekuja na kelele zake.
— Iingie, ikae, ituimbie.

Basi ikaingia, ikakaa, ikaanza hivi.

Palikuwa na Bi Pimbi, mjane, aliyeishi katikati ya majabali ya mlima mmoja mrefu. Mwili wake ungeingia kapuni na nafasi ikabaki. Masikio yake yalikuwa madogo kama maganda ya karanga. Lakini kusikia, alisikia. Mwewe akipiga bawa ng'ambo ya bonde, Bi Pimbi alisikia, akapiga ukelele, na jamaa zake wote wakaingia mapangoni salama.

Mwaka mmoja wajenzi wa barabara walipiga kambi chini ya mlima ule. Jioni wakishakula, mmoja wao aliweka sahani ya santuri kwenye mashine yake, na muziki ukapanda hadi majabalini. Haukuwa taarabu, haukuwa dansi. Ulikuwa roki. Gitaa lilinguruma kama mvua inayokuja na hasira zake, ngwaaa, ngoma zikaitikia du-ka, du-du-ka, na juu yake mtu mwenye sauti ya mchanga akaimba kwa lugha ambayo Bi Pimbi hakuijua hata neno. Hakuijua, ila manyoya ya mgongo yalimsimama, na hakujua kama anataka kukimbia au kukaa. Akakaa. Kila jioni akakaa.

Kisha barabara ikaisha, wajenzi wakafungasha, wakaenda zao. Mlima ukawa kama nyumba iliyohamwa. Tangu siku hiyo Bi Pimbi alitaka kitu kimoja tu chini ya jua.

Sasa, palikuwa na Kima, mchuuzi wa vyombo vya mjini. Bi Pimbi alikuwa amemlindia shehena yake msimu mzima, nyani wasiiguse, na msimu ulipokwisha Kima akamwambia, "Dada, ingia ghalani uchague roho yako inachopenda."

Bi Pimbi akaingia.

"Chukua hizi," Kima akasema, akimwonyesha spika zenye taa nyekundu na kijani zinazokimbizana. "Hizi za kisasa. Zinaonekana toka mbali."

"Mimi sitaki kuziona. Zipige."

Kima akazipiga. Buu, buu, buu, besi tupu, kama mtu anayeburuta gunia la chumvi. Bi Pimbi akagonga ubavu wa boksi: ngo, ngo. Debe.

"Nyingine."

Kima akapiga nyingine. Tsii, tsii, tsii, kama mafuta yanayokaangiwa dagaa. Bi Pimbi akagonga ubavu: ngo, ngo. Debe.

"Nyingine."

Mwisho, chini ya magunia, Bi Pimbi akaona spika mbili za mbao nene, kimo chake yeye, kitambaa cha mbele kimepauka. Akagonga: ko. Sauti ya mti mzima. Kima akaziunga na amplifaya kuukuu iliyokuwa na vioo vidogo kama vichupa mgongoni, na ilipowashwa vioo vile viliwaka taratibu, rangi ya chungwa, kama makaa yaliyopulizwa. Bi Pimbi akafumba macho, akasikiliza.

"Hizi."

"Hizo zimezeeka, dada."

"Hizi."

Kima akacheka. Akamwongezea mashine ya santuri, bamba la sola la kuanika juani, na sahani moja ya roki ambayo wateja wake wote walikuwa wameikataa.

Nyumbani, Bi Pimbi alizisukuma spika kwenye pembe za pango. Akaweka sahani. Besi ikavimba, ikajaa pango kama moshi, gitaa likapotelea humo. Akazivuta mbele. Besi ikapungua. Akazipandisha juu ya mawe. Gitaa likatoa kichwa. Akatandaza majani ya kulalia kwenye ukuta wa nyuma, mwangwi ukanyamaza. Akazigeuza kidogo zimtazame, akaketi, akaona bado, akainuka, akasogeza ya kushoto upana wa ukucha. Akaketi tena.

Hapo ndipo ilipotokea.

Mwimbaji hakuwa ndani ya boksi la kulia, wala la kushoto. Alisimama katikati, hewani, pale ambapo hapakuwa na kitu. Bi Pimbi alimsikia akivuta pumzi kabla ya neno. Alimsikia mpiga gitaa kulia kwake, vidole vikikwaruza nyuzi, na ngoma nyuma kabisa, mbali kuliko ukuta wa pango, kana kwamba jabali limefunguka na huko ndani kuna uwanja. Alinyoosha mkono pole pole kumgusa yule mtu. Mkono ukapita. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Majirani walikuja. Kobe alizunguka nyuma ya spika kumtafuta anayeimba. Nungunungu alisahau kulaza miiba yake. Sahani ilipoisha, waliendelea kutazama pale katikati, hewani.

Lakini sauti haina mlango. Ilishuka bondeni, ikamfikia Tembo.

Tembo na Pimbi wanaitana binamu tangu enzi za mababu, usiniulize undugu ulianzia wapi. Tembo wa bonde lile alikuwa na tabia moja: kizuri akikiona kwa mwingine, hulala vibaya mpaka kiwe chake. Alipanda, gu, gu, gu, akaingiza mkonga pangoni, akasikiliza. Naye alishangaa. Masikio yake yalisimama kama milango, na kwa muda alikuwa mpole kama ndama.

Kisha akasema, "Binamu, kitu hiki kimekosea njia. Tazama masikio yangu, tazama yako. Nani kati yetu aliumbiwa kusikia?"

Akabeba kila kitu. Spika, amplifaya, mashine, sahani. Hata bamba la sola alilivuta na waya wake.

Siku zilizofuata Bi Pimbi alikaa akitazama mawe mawili yaliyobaki bila mzigo. Hakula vizuri. Mwewe alipita karibu mno, naye akachelewa kupiga ukelele, na kidogo tu mtoto wa dada yake achukuliwe. Ndipo Tembo akamwita.

Alimkuta amekasirika. Spika moja imelala chali vumbini, nyingine imeegemezwa kichuguu, na Tembo amesimama karibu nazo mno, akipumua zinayumba.

"Umenificha kitu," Tembo akasema. "Kwako alikuwapo mtu katikati. Kwangu hayupo. Umembakiza huko. Mlete, la sivyo nitaupindua mlima wako jiwe moja moja mpaka nimpate."

Bi Pimbi aliwaza jamaa zake mle mapangoni, na watoto wao. Akasema, "Binamu, labda ukiziinua kidogo kutoka chini, halafu uzisogeze..."

"Pimbi amfundishe tembo kusikia?"

Bi Pimbi akazitazama spika zake vumbini. Akayatazama masikio ya Tembo, mapana kama mikeka. Na wazo likamjia, dogo, miguu mepesi.

"Kosa langu, binamu," akasema. "Nimekuachia spika za pimbi. Yule mtu ni mkubwa, anaogopa kubanwa. Kwako wewe angestahili boksi kubwa kama kihenge cha mahindi."

Tembo akafikiri. "Kikubwa kwa mkubwa," akasema.

"Na hivi vidogo?"

"Vitupwe."

"Nikusaidie kuvitupa?"

"Tupa."

Bi Pimbi akazitupa spika zake. Alizitupa kwa uangalifu sana, akazibeba moja moja mpaka pangoni kwake.

Tembo akamfungulia Kima njia msituni kwa kung'oa miti, na Kima akamletea spika kubwa kama vihenge, na sola za kutosha kuezekea boma. Tembo akaziunga na ile amplifaya kuukuu. Hiiih, zikafanya, hiiih, kama mgonjwa anayepulizia kuni mbichi. Akamwita Bi Pimbi.

"Hayupo," akasema.

"Atatokaje, binamu? Amplifaya ni ya pimbi. Inamsukuma mtu mzima kwa nguvu za pimbi. Kwako ingestahili kubwa kama jiwe la mtoni, yenye feni na taa."

"Kikubwa kwa mkubwa."

"Na hii ndogo?"

"Itupwe."

"Nikusaidie kuitupa?"

"Tupa."

Bi Pimbi akaitupa, ameikumbatia kifuani, vioo vyake bado vina joto.

Amplifaya mpya ilipofika, iliwaka kama nyumba ya harusi. Tembo akazungusha kitufe cha sauti kwa mkonga. Na hapa, jamani, lazima nimpe Tembo haki yake. GUMM. Vumbi la bonde lote liliruka kimo cha nyasi. Ndege waliondoka mitini kwa pamoja. Mto ulisimama wima, au Bi Pimbi alidhani umesimama. Besi ilimpita tumboni ikatokea mgongoni, na alitetemeka, si kwa hofu peke yake. Hakuwahi kujua kwamba duniani kuna sauti yenye uzito kama ule. Aliinamisha kichwa mbele yake, kama mtu anavyoinama mbele ya radi.

Lakini mwimbaji hakuwamo. Gitaa halikuwamo. Ulikuwa mlima unaoporomoka, basi.

Tembo alifurahi mno. Akaanza kucheza, na kila alipokanyaga, ardhi iliruka, na ardhi iliporuka, sindano iliruka juu ya sahani. Gu, kwaruu. Gu, kwaruu. Sahani ile ikiendelea hivyo, haitabaki na wimbo. Bi Pimbi aliona kila mkwaruzo kana kwamba umepita juu ya ngozi yake.

"Kuna nini tena?" Tembo akauliza alipouona uso wake.

"Sahani inakuogopa, binamu. Tazama inavyotetemeka ukiikaribia. Ni sahani ya pimbi juu ya mashine ya pimbi. Wewe ungestahili sahani pana kama uga wa kupuria mtama."

Tembo akaitazama sahani. Akaitazama sana, kichwa upande.

"Kikubwa kwa mkubwa," Tembo akasema.

"Na hii ndogo?"

"Itupwe."

"Nikusaidie..."

"Tupa, tupa."

Akaifunika sahani kwa jani, akaipandisha mashine mgongoni, akaanza kupanda mlima bila kugeuka. Alikuwa amefika kwenye jiwe la kwanza aliposikia nyuma yake:

"Binamu."

Akasimama. Akageuka taratibu.

"Kuna kiwaya kimeanguka hapa," Tembo akasema. "Usiniachie takataka."

Bi Pimbi akarudi, akakiokota, akashukuru. Na njiani akaokota pia lile bamba lake la sola, ambalo Tembo alikwisha kulitupa mwenyewe kichakani.

Pangoni alipandisha spika juu ya mawe yake. Akatandaza majani. Akasogeza ya kushoto upana wa ukucha. Vioo vikawaka rangi ya chungwa. Sahani ilikuwa na makovu, ikatatarika kidogo, ta, ta, kama kuni zinazoshika moto. Kisha mtu yule akavuta pumzi, katikati, hewani. Kobe safari hii hakuzunguka nyuma. Aliketi. Mtoto wa dada yake Bi Pimbi alilala usingizi gitaa likinguruma juu ya kichwa chake.

Sahani ilipoisha, wakasikia kitu kutoka bondeni. Mmmmmmmm. Hakikupanda, hakikushuka. Mmmmmmmm. Bi Pimbi akaingiwa na hofu kwamba Tembo amegundua, akateremka kuchungulia.

Alikuta wanyama wa bonde wameketi duara mbele ya spika zile. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na hakuna kitu kilichounganishwa nayo, wala sahani, wala mashine. Inavuma tu yenyewe. Tembo alisimama mbele, masikio yametandazwa, macho yamefumbwa.

"Mbona gitaa halisikiki?" Nyati akanong'ona.

"Linakuja," Tembo akajibu. "Kitu kikubwa hakiingii haraka."

Nyati akatikisa kichwa kukubali. Wote wakatikisa.

Tembo akafumbua jicho, akamwona Bi Pimbi. "Karibu, binamu. Hii sasa ndiyo roki yenyewe. Masikio yako yanaipata?"

"Hapana, binamu," akasema. "Mimi siipati."

"Nilijua," Tembo akasema kwa huruma, na chozi likamdondoka. "Hapo, hapo. Hapo anavuta pumzi."

Bi Pimbi alikuwa amekuja akiwa tayari kucheka. Hakucheka. Mnyama mkubwa kuliko wote amesimama bila kutikisika, amezuia pumzi, anangoja kwa mwili wake mzima. Hakuwahi kuona anayesikiliza namna ile. Akakaa naye kidogo katika mvumo ule. Kisha akaondoka kwa ncha za vidole, asimkatizie.

Ngano yangu naizima hapa, vioo vipoe. Iliyokolea nendeni nayo. Iliyozidi chumvi niachieni, nitainywea maji.

Na funzo lake ni hili, mlishike vizuri: ukienda kuchagua spika, usipoteze muda kuzisikiliza. Zipime kwa kimo. Amplifaya ichague kwa wingi wa taa. Ukifika nyumbani fungua sauti mpaka mwisho na usiweke sahani yoyote. Muziki ukiwa na heshima zake, utakuja wenyewe.