Watatu wa Kisima cha Doronga

Nilikuwepo. Siku kisima cha Doronga kilipofunguliwa katikati ya upepo, mimi nilikuwa juu ya ukuta uliobomoka, nimebanana na mijusi, naona kila kitu. Msianze kuhesabu miaka. Wasomi wanasema dola ile ilianguka kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Waacheni waseme. Mimi shule niliiacha mapema, lakini macho sikuyaacha huko.

Basi, Doronga ulikuwa mji mkuu wa dola iliyotawala kutoka jangwani hadi milimani. Mfalme wa kwanza aliwakuta pale watu wa dini tatu wakitaka kuuana kwa ajili ya kisima kimoja. Akawaambia: "Waislamu mtashika ndoo. Wakristo mtashika kamba. Watu wa mizimu ya mlima mtashika kifuniko cha jiwe. Na mtu asiguse cha mwenzake. Mwenye kiu awatafute majirani zake." Watu wakacheka, halafu wakatii. Wakanywa pamoja, wakajenga pamoja, na dola ikanenepa.

Kisha wajukuu wa wajukuu wa mfalme wakagombea kiti. Kila mmoja akaleta jeshi la kukodi. Majeshi yakamaliza ghala, misafara ya chumvi ikahamia njia nyingine, na mji ukaanza kuhama nyumba moja moja. Mwisho wakabaki wazee watatu tu.

Wa kwanza ni Mama Anenaya, mjane, mshika kamba wa Wakristo. Mikono yake ilijua kufuma kitambaa kikashinda ngozi kwa ugumu. Wa pili ni Hamduni, mwadhini, mshika ndoo. Sauti yake ilikuwa ikitoka mnarani inafika mahali macho hayafiki. Wa tatu ni Kodare, wa mizimu ya mlima, mshika kifuniko. Jiwe lile vijana wanne wasingelitikisa, lakini ukoo wake ulijua pa kulikandamiza, likafunguka kama mlango.

Anenaya alikuwa bado anaweka sahani mbili mezani, yake na ya marehemu mume wake. Jumapili alipiga kengele, akaingia kanisani peke yake, akasoma na kujiitikia mwenyewe. Sauti ya mtu aliisikia asubuhi tu, pale kisimani. Ndiyo maana wote watatu walichota polepole. Kuna siku Hamduni alimwaga ndoo nzima kwa makusudi ili waanze upya, na hakuna aliyemlaumu.

"Jirani Kodare, mizimu yako imeamkaje?" Hamduni akauliza asubuhi moja.

"Imeamka inanung'unika. Inasema kuna mzee anapiga kelele alfajiri."

"Ile ni adhana, wewe."

"Unamwadhinia nani? Mijusi?"

Anenaya akavuta kamba. "Hata mijusi ina masikio," akasema. "Haya, mimina, kabla hamjagombana nikakosa maji."

Sasa, siku moja mchana, upepo wa mchanga ukashuka kutoka mlimani. Dunia ikawa nyekundu. Anenaya alikuwa mlangoni, amejifunga ushungi usoni, aliposikia mtu analia mbali, huko jangwani. Akadhani ni masikio yake. Mtu akikaa kimya sana masikio huanza kujisimulia. Lakini Hamduni naye akatokea anakimbia, na Kodare nyuma yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kuna mtu amepotea mle."

Mtu aliyepotea kwenye mchanga ule huzunguka mpaka aanguke. Kumfuata ni kupotea naye. Wakatazamana.

Hamduni akapanda mnara uliokuwa umebomoka ngazi, akaadhini. Haikuwa saa ya sala. Kwake yeye, kuwaita watu kwenye sala ambayo haipo ni kumsingizia Mungu uongo, na maisha yake yote hakuwahi kulifanya hilo. Akaadhini tena na tena, mchanga ukimwingia kooni, mpaka kwenye vumbi kikatokea kivuli cha mtu akiburuta ngamia. Hamduni alishuka akitema damu. Sauti ile haikurudi tena. Kuanzia siku hiyo alizungumza kwa mnong'ono.

Mgeni akaanguka mbele ya kisima, ulimi umevimba, na maji ya asubuhi yalikuwa yamekwisha majumbani. Kodare akasimama kando ya kifuniko, hasogei. Kwa watu wake, upepo wa mlimani ukivuma ni wazee wa kale wameshuka kunywa. Anayefungua kisima wakati huo huwafukuza, na siku akifa, wao nao humfukuza. Hana ukoo wa kumpokea. Kodare alikuwa amekwisha kuwazika wote aliowapenda. Alichokuwa akingojea ni kuwafuata tu.

"Kodare," Anenaya akamwita. "Baba."

"Najua, mama. Usinihimize." Akapiga magoti, akawaomba radhi watu wasiomjibu, akakandamiza jiwe. Likafunguka.

Anenaya akateremsha ndoo, na kamba ikaishia hewani. Kiangazi kile maji yalikuwa chini sana. Walizoea kungoja yapande kwa usiku mzima. Mgeni asingefika jioni akiwa hai. Anenaya akakimbia nyumbani, akafungua sanduku, akatoa sanda yake. Aliifuma mwaka alioolewa, pamoja na ya mumewe, zenye msalaba wa namna moja, kama desturi ya wanawake wa kanisa lao, ili siku ya kufufuka wenye sanda zinazofanana watambuane. Mume alikuwa amelala ndani ya yake. Anenaya akaifunga ile sanda kwenye kamba. Ndoo ikafika, ikapanda imejaa, na sanda ikasagwa na ukingo wa jiwe mpaka ikawa nyuzi. Vidole vyake siku hizi vilikuwa vimepinda. Nyingine asingeweza.

Mgeni akanywa, akapona. Alikuwa Myahudi, mfanyabiashara wa chumvi, jina lake Azaria. Upepo ulipotulia akakaa nao siku chache, na Anenaya aliweka sahani nne mezani, akawa anainuka kila mara kuzipanga upya bila sababu. Azaria aliwasimulia mji wake: soko linalopiga kelele, msikiti unaojaa hadi nje, makasisi, hata watu wa mizimu ya mlima wenye kilinge chao kando ya mto.

Hamduni akanong'ona, "Unaadhini, halafu watu wanakuja?"

"Wanakuja, mzee. Wengine wamechelewa, lakini wanakuja."

Anenaya akawaza kasisi wa kumsomea siku atakapokufa, na mtu wa kumwambia "umeamkaje" kabla hajauliza yeye.

Asubuhi ya kuondoka, Azaria akawa anahangaika na tandiko. Akasema, "Wazee wangu, ngamia amebaki mmoja. Ataweza kunibeba mimi na mmoja wenu. Huyo atakaa nyumbani kwangu kama mzazi wangu. Njia hii nimeifikia kwa kupotea, na sitawadanganya kwamba nitaijua tena. Nani aliyeniokoa? Huyo ndiye apande."

Wote watatu wakamtazama ngamia.

Bila adhana, angekufa jangwani. Bila kifuniko kufunguliwa, angekufa mdomoni mwa kisima. Bila sanda, angekufa akisikiliza ndoo ikining'inia. Na Anenaya akawaza jambo lingine tena, akatazama chini: wakibaki wawili, siku moja mmoja atamzika mwenzake, na huyo wa mwisho atashika kamba, ndoo na kifuniko vyote yeye mwenyewe, vitu ambavyo havikufanywa kushikwa na mtu mmoja.

"Semeni basi," Azaria akasihi. "Jua linapanda."

Hamduni akamwonyesha Kodare. Kodare akamwonyesha Anenaya. Anenaya akasema, "Apande Hamduni."

Azaria akabaki ameshika hatamu, anawatazama kwa zamu.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo. Mmoja alitoa sauti yake, mmoja alitoa ukoo wake, mmoja alitoa mume wake wa ahera. Ngamia amepiga magoti anangoja. Msiniambie wapige kura; kila mmoja angepata moja. Kama hatamu ingekuwa mkononi mwako, ungempandisha nani, na wale wawili ungewaaga kwa maneno gani?

Fikirini. Lakini kabla hamjajibu, kuna kipande kimoja nimekitia mwenyewe, maana mlikuwa mnanitazama vizuri nikaona haya kuwaharibia. Ni pale walipotajana. Hawakutajana. Azaria alipouliza ni nani apande, wote watatu walisema "mimi", kwa mara moja, hata yule asiyekuwa na sauti.

Haya. Amueni.