Mayai Arobaini ya Harusi ya Zena

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipikiana pilau na kusengenyana, kama nyinyi mnavyofanya mkidhani siwasikii, palikuwa na kijiji kiitwacho Vumbini.

Vumbini walikuwa na desturi yao. Harusini, kila mgeni alitiliwa yai moja la kuchemsha juu ya pilau yake, jeupe, zima, laini. Yai lililochubuka halikwenda kwa mgeni, maana hiyo ni dharau. Hilo lilikuwa haki ya mmenyaji, alile palepale. Na kazi ya kuyachemsha na kuyamenya haikupewa kila mtu, ilipewa wakubwa wa kijiji.

Wakubwa wenyewe ni nani? Mzee Chande Fisi na Bwana Makata Kiboko. Waungwana hao walijitolea kumenya mayai ya kila harusi bila hata kuombwa. Huruma iliyoje! Makata ana vidole kama mihogo, Chande mate yanamdondoka, na bado hawakukosa harusi hata moja.

Waliyamenya yakiwa ya moto vilevile. Ganda likatoka na mnofu wake, chwap!

"Loo, limechubuka," Chande alikuwa akisema kwa masikitiko makubwa. Kisha analitupa kinywani.

Kuchubua yai kwa makusudi kulikuwa wizi, na mwizi alifukuzwa kijijini. Lakini hawa hawakuwa wezi, hasha! Walimenya uwanjani, mbele ya macho ya watu, na mayai yakachubuka yenyewe. Walikuwa na bahati tu.

Kwenye harusi ya binti Swala yalichemshwa mayai sitini. Wageni waliyaona kumi na moja. Wakwe walisusa, wakaondoka na bwana harusi wao, na binti Swala akalia mpaka macho yakavimba.

Sasa zamu ikamfikia Bi Somoe Kindi, mjane mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko nyumba yake. Binti yake, Zena, alikuwa ameposwa na kijana wa kina Pimbi wa kule majabalini. Siku kumi na mbili kabla ya harusi, mama wa bwana harusi, Bi Shekue Pimbi, akaja kupiga hodi.

"Mkwe wangu," akasema, "mwanao nampenda. Lakini kwa Swala nilikuwapo. Tunakuja wageni arobaini, mimi nikiwemo. Nikiona sahani moja haina yai, nageuza na mwanangu nyumbani."

Bi Somoe akakimbia kwa wakubwa, mbio mbio, mkia juu.

"Mzee Chande, nakushika miguu. Mayai ya mwanangu niachieni niyamenye mwenyewe."

"Wewe? Kwa vijikono hivyo?" Chande akacheka mpaka akakohoa. "Na desturi utaiweka wapi?"

"Sisi tunaumia kwa ajili yenu," Makata akanguruma, "nyinyi mnaona tunafaidi! Lete mayai arobaini, Somoe. Tena yawe ya siku hiyohiyo. Mgeni halishwi yai la zamani."

Walivyowajali wageni, mtu angeweza kulia. Na Bi Somoe alilia kweli, njia nzima, kwa hasira. Alimwona Zena anapiga pasi nguo zake za harusi huku anaimba, akashindwa hata kumwambia.

Lakini Bi Somoe alikuwa amechemsha mayai ya nyumbani kwake miaka mingi, na mikono yake ilijua jambo ambalo Chande hakuwahi kuhangaika kulijua. Yai la leo ganda lake hung'ang'ana. Yai lililokaa siku kumi hulegea lenyewe. Akafuta machozi, akaenda kwa jirani yake, Bi Mtetea.

"Shoga, nipe mayai arobaini."

"Leo? Harusi si bado?"

"Nipe, usiulize."

Akapewa. Yalikuwa yale yasiyo na kifaranga, msianze kunitolea macho. Akayaficha uvunguni, kwenye kikapu chenye makapi ya mpunga.

Siku kumi na mbili zikapita. Asubuhi ya harusi Bi Somoe akayatoa, akayalaza juu ya majivu ya moto kidogo tu, akayapeleka uwanjani. Chande akagusa moja.

"Ya lini haya?"

"Shika mwenyewe, Mzee. Bado yana joto la mama yao!"

Chande akashika, akatabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana. Wageni walikuwa wamekwisha kaa mikekani, Bi Shekue mbele kabisa, macho makavu. Bi Somoe akainama karibu na wakubwa, akaanza kunong'ona kwa sauti ya kilio.

"Baba zangu, mnihurumie. Msiyatie kwenye maji yanayochemka. Anzeni na maji baridi kama siku zote."

"Kwa nini?"

"Yakitumbukizwa kwenye maji ya moto, ganda linashika nyama, halitoki! Na mkiyaepua msiyamwagie maji baridi ya mtungini, nitakufa mimi! Wala msianze kumenya upande ule mpana. Ukianzia huko, yai lote linaondoka na ganda."

Chande na Makata wakatazamana. Walikuwa wamemenya mayai maisha yao yote na leo ndiyo wanafundishwa kazi, tena na mjinga anayewaonyesha penye shibe!

"Nenda kapumzike, mwanangu," Chande akasema kwa upole uliojaa mate.

Alipogeuka tu, wakachochea moto. Maji yakachemka, bwata, bwata, bwata! Wakayatumbukiza mayai. Makata akachungulia.

"Ebo! Mbona mengine yanasimama wima? Yai la leo si hulala?"

Bi Somoe akasikia. Akarudi mbio.

"Yanawasimamia wakubwa, Bwana Makata! Hata yai lina adabu."

"Aa," Makata akasema, akajikuna tumbo. Kiboko huyo sifa haikuwahi kumshinda kumeza.

Mayai yakaiva. Wakayamwagia maji baridi ya mtungini, tena mitungi miwili. Chande akachukua la kwanza, akaligonga upande mpana, ka! Akavuta.

Shwaa! Ganda likavuka lote, yai likabaki kiganjani linang'aa.

"Zima," akasema Bi Shekue, akalipokea.

"La kwanza hilo," Chande akamnong'oneza mwenzake. "Subiri."

Ka! Shwaa! Zima. Ka! Shwaa! Zima. Makata akajaribu kwa vidole vyake vya mihogo, akakandamiza, akakwaruza kiasi ambacho macho ya watu yaliruhusu. Ganda likamponyoka na yai likateleza sahanini, pwa! Zima. Ishirini. Thelathini. Matumbo yao yakaanza kuunguruma mpaka wapiga ngoma wakapoteza mapigo.

Likabaki moja. Chande akalishika kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Hakuwahi kumenya yai kwa imani kubwa namna ile.

Ka! Shwaa!

"Arobaini!" akasema Bi Shekue, akasimama. "Vigelegele!"

Vigelegele vikapigwa. Zena akatolewa ndani, akakalishwa karibu na mume wake. Bi Somoe akalia tena, safari hii kwa furaha, wala hakujificha. Kila mgeni akapata yai lake. Wamenyaji nao wakaletewa pilau, pilau tupu, maana hakuna kilichochubuka.

Bi Shekue akawasogelea.

"Hongereni, baba zangu. Kumbe mnajua kumenya hivi! Sasa kwa Swala ilikuwaje?"

Mama Swala, aliyekuwa anakula mkekani, akaweka tonge chini, akainuka.

"Hata mimi nataka kusikia," akasema.

Chande akafungua kinywa. Akisema hakujua kumenya, nani atamwamini baada ya mayai arobaini? Akisema alijua, basi yale ya Swala aliyachubua kwa makusudi. Akafunga kinywa. Makata akainuka aondoke kimyakimya, kama kiboko anavyoweza kuondoka kimyakimya, akaangusha sufuria mbili.

Kabla pilau haijapoa, wakubwa wote wawili walikuwa njiani kutoka Vumbini, na kijiji kizima kinawasindikiza kwa mawe.

Basi mimi nimemaliza kusema, nanyi mkalale na hili: anayengoja kushiba kwa hasara ya mwenzake ajiandae kulala njaa siku mwenzake akisalimika.